Barua ya Stevenson kwa Haggard

Kitongoji cha La Rochelle kiko kusini ya katikati ya Johannesburg, ng'ambo ya machimbo ya kale. Watu wa jiji wanakijua kwa Wareno wake: kwanza waliotoka kisiwa cha Madeira, kisha, kuanzia 1975, waliohama Msumbiji na Angola. Hapo kando ya bwawa la Wemmer Pan ipo Makumbusho ya Usafiri ya James Hall, iliyoanzishwa 1964. Humo yamehifadhiwa magari ya kukokotwa na maksai, tramu za zamani na mitambo mizito ya mvuke. Kwa msomaji wa riwaya jumba hilo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu gari la maksai ndilo lililomfikisha Pretoria kijana mmoja wa Kiingereza mwaka 1877, na ni kwa mfano wa mvuke kwamba mwandishi mwingine, miaka minane baadaye, alimweleza kijana huyo kasoro ya kalamu yake.

Kijana huyo ni Henry Rider Haggard. Alizaliwa Norfolk 1856, mtoto wa nane kati ya kumi, na baba yake alimwona mzito wa akili kuliko ndugu zake. Alifika Natal 1875 akiwa na miaka 19, msaidizi asiye na mshahara katika ofisi ya gavana Henry Bulwer. Akafuatana na ofisa wa Uingereza, Theophilus Shepstone, kwenda Pretoria, na tarehe 24 Mei 1877, kabla hajatimiza miaka 21, alishiriki kuipandisha bendera ya Uingereza juu ya Transvaal. Johannesburg haikuwapo. Penye La Rochelle ya leo palikuwa na nyasi na mifugo. Dhahabu ya Langlaagte, iliyouzaa mji huu, ilikuja kugunduliwa 1886.

Haggard alirudi kwao 1881, akasomea sheria, akawa wakili asiye na wateja wengi. Ndipo mmoja wa ndugu zake akamsifia kitabu kilichokuwa gumzo la wakati ule, Treasure Island cha Robert Louis Stevenson, kile tunachokijua sisi kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Haggard akasema haoni ajabu yake. Nduguye akamwekea dau dogo la fedha: wewe huwezi kuandika kitu kilicho nusu ya hicho. Akakaa jioni baada ya jioni, na katika muda wa wiki sita hivi mwanzoni mwa 1885 akamaliza King Solomon's Mines, yaani Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kampuni ya Cassell, iliyokuwa imemchapisha Stevenson pia, ikakitoa Septemba mwaka huo na kubandika mabango jijini London yanayodai kwamba hakijapata kuandikwa kitabu cha kustaajabisha kama hicho. Nakala 31,000 ziliuzwa katika miezi kumi na miwili ya kwanza. Kwa bahati, karani mmoja wa kampuni alikuwa amemnong'oneza Haggard asipokee pauni 100 za mara moja, achukue mrabaha. Sijui kama karani huyo alipata hata kikombe cha chai kwa ushauri ule.

Mpaka hapo ni hadithi ya soko, na inasimuliwa mara nyingi. Kinachonivuta mimi ni bahasha iliyomfikia Haggard baada ya kitabu kutoka. Ilitoka Bournemouth, kusini mwa Uingereza, kwa mtu yule yule aliyekusudiwa kushindwa na lile dau.

Stevenson wakati huo alikuwa na miaka 35 hivi, mgonjwa wa mapafu, mara nyingi akiandika akiwa kitandani katika nyumba aliyoiita Skerryvore. Hakuwa akimjua Haggard. Alianza kwa shukrani: kuna mkono mwema umeniletea kitabu chako, wala sijui ni wa nani, basi nazielekeza shukrani zangu kwenye chemchemi yenyewe. Adabu hiyo ikaisha upesi. Sentensi inayofuata inamwambia Haggard kwamba inampasa awe mwangalifu zaidi. Kwamba anaandika vizuri kiasi cha kumlazimu ajisumbue zaidi. Kwamba baadhi ya sehemu za kitabu ziko chini mno ya uwezo wake. Halafu sifa: humo mna mimweko ya ubunifu wa ajabu, na umahiri wa kishairi katika namna wahusika wa Kiafrika wanavyozungumza, ingawa neno alilolitumia kuwataja ni lile la dharau lililokuwa la kawaida katika midomo ya Wazungu wa zama zake. Akataja hasa tafakuri za mhusika mkuu kabla ya vita kuwa ni nzuri kwa namna ya pekee.

Kisha akarudi na nyongeza, na nyongeza hiyo ndiyo yenye uzito. Baada ya kukifikiria tena kitabu chako, alisema, naona wewe ni mtu anayechelewa kupandisha mvuke. Basi ukimaliza kitabu rudi mwanzo, uuandike upya mpaka ulingane na sehemu nyingine. Na hapo hapo akajiweka mezani yeye mwenyewe: kwangu mimi ni kinyume, kila mara naanza vizuri, na mara nyingi namaliza kwa uchovu au kwa haraka.

Wanafunzi wa fasihi hupenda kuyachanganya maandishi ya namna hii na hakiki za magazetini. Ni vitu viwili. Mhakiki wa gazeti anazungumza na mnunuzi: kitabu hiki kinafaa au hakifai? Mwandishi anayemwandikia mwandishi mwenzake faraghani hana mnunuzi wa kumshauri. Ni kama fundi seremala anayeinama chini ya meza ya fundi mwenzake akakigusa kiungo kilicholegea, wakati wateja wanasifu rangi ya juu. Ndiyo maana katika barua hizi hukuti muhtasari wa kisa wala maelezo ya dhamira. Unakuta mambo ya kasi, mwanzo, mwisho, mazungumzo, mahali ambapo mkono ulichoka.

Tena si kila barua ya faragha ina kazi hiyo. Andrew Lang, mwanazuoni wa Kiskoti aliyeusoma mswada wa Haggard na kuusaidia ufike Cassell, naye alimwandikia Haggard, akamwambia karibu akipende kitabu chake kuliko Treasure Island. Maneno hayo yalimtia nguvu mwandishi mchanga, na baadaye wawili hao wakaandika riwaya pamoja. Lakini hakuna kitu ambacho Haggard angeweza kukifanya na barua ya Lang asubuhi ya pili yake, isipokuwa kufurahi. Barua ya Stevenson ilimpa kazi ya kufanya.

Je, Stevenson alikuwa na haki? Tukifungue kitabu. Allan Quatermain, mwindaji mzee wa tembo, amekwisha kutimiza miaka 55 anaposhika kalamu. Anaeleza kwa nini anaandika: Sir Henry Curtis na Kapteni Good wamemwomba, mguu wake wa kushoto, uliong'atwa na simba, unamuuma na hana la kufanya, mwanawe Harry, anayejifunza udaktari London, apate kitu cha kumchangamsha. Anaomba radhi kwa lugha yake isiyotiwa nakshi. Kisha meli kutoka Cape kwenda Natal, mazungumzo ya ndugu aliyepotea, ramani ya Mreno José da Silvestra iliyoandikwa kwa damu, makubaliano ya malipo, ununuzi wa gari na maksai, orodha ya bunduki, uwindaji wa tembo. Ni baada ya hayo yote ndipo tunapoingia jangwani.

Kwa kasi, Stevenson amelenga. Sura ya tembo ingeweza kupunguzwa nusu na hakuna ambaye angeitafuta. Ila naona hakumtendea haki mzee Quatermain katika kurasa za kwanza kabisa. Kule kujikongoja, kule kuhesabu sababu kidoleni, ndiko kunakotufanya tuamini kwamba anayesema ni mwindaji asiyezoea kalamu, na mtu wa namna hiyo akituambia baadaye kwamba amemkuta Mreno wa karne tatu zilizopita amekaa mfu ndani ya pango la barafu, tunamwamini. Ukiuandika upya mwanzo ule kwa ustadi wa Stevenson, unapata sentensi nzuri na unampoteza mzee.

Juu ya uangalifu, hata hivyo, hakuna utetezi. Katika toleo la kwanza Haggard aliwaokoa wahusika wake kwa kupatwa kwa jua, giza likatanda muda mrefu kupita inavyowezekana, na mwezi nao akauweka angani kwa namna isiyoelewana na kalenda. Kupatwa kwa jua hutokea mwezi mwandamo tu. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo anayehesabu bamvua angemkosoa. Wasomaji walimkosoa kweli, na katika matoleo ya baadaye jua likageuzwa mwezi, kikawa ni kupatwa kwa mwezi. Hayo ndiyo matunda ya wiki sita.

Na Stevenson alijuaje kwamba yeye mwenyewe huishiwa nguvu mwishoni? Alijua kwa sababu hilo lilikuwa limempata katika kitabu hicho hicho ambacho Haggard alikiigiza. Alipoanza Treasure Island huko Braemar, Uskoti, mwaka 1881, aliandika sura kumi na tano kwa siku kumi na tano, sura moja kila siku, akiwasomea jamaa zake jioni. Sura ya kumi na sita ikakataa. Jarida la Young Folks lilikuwa limekwisha kukubali kuichapisha hadithi kwa mfululizo, na yeye hana neno kinywani. Ilibidi aende Davos, milimani Uswisi, ndipo kisima kikajaa tena. Habari hiyo aliieleza mwenyewe hadharani mwaka 1894, mwaka wa kufa kwake. Haggard alikuwa amekipata kiini chake kwa posta karibu miaka kumi kabla.

Hapo naona ndipo ubora wa barua ile ulipo kuliko penginepo. Ukali wake unavumilika kwa sababu mwenye kuutoa ameonyesha jeraha lake mwenyewe. Wengi wetu tunaosoma miswada ya wenzetu tunakuwa na moja kati ya hali mbili: ama tunasifu kwa kuogopa kuvunja urafiki, ama tunachana kama mahakimu. Stevenson, kwa mtu asiyemjua na aliyemshinda sokoni, alipata njia ya tatu.

Haggard hakuufuata ushauri. Kwanza ulichelewa: kiangazi kile cha 1885, kabla King Solomon's Mines hakijatoka, alikuwa amekwisha kuandika mwendelezo wake, Allan Quatermain. Pili, hakuuamini. Mwanzoni mwa 1886 akaandika She, nayo kwa wiki sita hivi, akiwaka moto. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa 1926 baada ya kufa kwake, alizinakili barua za Stevenson kwa fahari, na mle mle akashikilia kwamba hadithi za aina yake ziandikwe haraka na zisirudiwe, maana ni mvinyo ambao harufu yake hupotea ukimiminwa kutoka bilauri moja hadi nyingine. Stevenson husimuliwa kuwa alichoma motoni rasimu ya kwanza ya kisa cha Dk. Jekyll na Bw. Hyde na kuanza upya, katika msimu ule ule wa 1885. Hawa watu wawili walikuwa na dini mbili za uandishi.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kukitazama hicho cha pili, Allan Quatermain, kilichotoka 1887, kwa sababu kinaanzia Lamu. Quatermain amefiwa na mwanawe Harry kwa ndui. Anatoa kwanza mahubiri marefu juu ya ustaarabu na ushenzi, mvuke ukiwa bado haujapanda, kisha yeye na rafiki zake wanaonekana wameketi barazani kwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Lamu, wakijiandaa kuufuata mto Tana mpaka Mlima Kenya na kwingine kusikojulikana. Haggard hakuwa amekanyaga Lamu. Nduguye Jack ndiye aliyekuwa huko, naibu wa balozi mdogo katikati ya miaka ya 1880, na habari za mji zilitoka kwake. Za Wamaasai alizipata hasa kwa msafiri Joseph Thomson, ambaye kitabu chake kilikuwa kimetoka 1885.

Kuna jambo dogo katika sura hiyo linaloonyesha vizuri nguvu na upofu wa kuandika kwa macho ya kuazima. Quatermain analalamikia uvundo wa ufuo wa Lamu maji yakitoka, na anaeleza kwamba wanawake hufukia nazi katika tope mpaka maganda yaoze, kisha huzifukua na nyuzi zake hufumiwa mikeka. Mtu wa Lamu anatambua mara moja: ni makumbi hayo. Habari ni ya kweli, na si ya kutunga mtu akiwa London. Lakini mwandishi ameishia puani. Kamba zilizofunga majahazi, kazi ya mikono ya wale wanawake, bei yake sokoni, hayo yote yalikuwa yamelala katika tope lile lile, naye akapita akiwa ameziba pua. Angerudi mwanzo na kuuandika upya, kama alivyoambiwa, pengine angemuuliza Jack swali la pili.

Barua ya Stevenson nayo ina upofu wake, na sitaufunika. Alisisimkwa na usemi wa Waafrika wa Haggard. Ule usemi wa Umbopa na wenzake katika King Solomon's Mines ni Kizulu kilichopitishwa katika Kiingereza cha zamani chenye mwangwi wa Biblia, na Haggard, aliyekaa Natal na Transvaal miaka kadhaa, aliwahi kuwasikia Wazulu na Waswazi wakihutubu. Hata Umslopogaas wa Allan Quatermain amechorwa kwa mtu halisi, M'hlopekazi, Mswazi mwenye shoka aliyekuwa katika msafara wa Shepstone. Stevenson hakuwa na la kulinganisha nalo. Aliuhukumu usemi ule kama muziki, basi. Hakuuliza kwa nini watu wanaosema kwa fahari namna ile wamewekwa humo ili wapigane na wafe huku wageni wakijaza mifuko almasi, wala kwa nini msichana Foulata, anayempenda Kapteni Good, anauawa kabla mwandishi hajalazimika kuamua kama wataoana, na Quatermain akaona ni afadhali ilivyokuwa. Fundi aliangalia viungo vya meza. Nyumba ya nani imebomolewa kupata mbao, hilo halikumpitia.

Swali hilo lilimngoja msomaji mwingine, na jibu lake limehifadhiwa kaskazini ya La Rochelle, ng'ambo ya katikati ya jiji, katika hifadhi ya nyaraka za kihistoria ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Sol Plaatje, Mtswana aliyezaliwa 1876, mwandishi wa habari na katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa ANC, alimwandikia rafiki yake Silas Molema kutoka London mwaka 1920. Alimwarifu kwamba anaandika riwaya: kisa cha mapenzi kilichojengwa juu ya historia ya kweli, chenye vita na imani za kale, kwa mtindo wa Rider Haggard anapoandika juu ya Wazulu. Riwaya hiyo ni Mhudi. Ilikaa bila mchapishaji mpaka 1930, Lovedale ilipoitoa, na miaka miwili baadaye Plaatje akafia hapa Johannesburg, Pimville.

Ukisoma barua ile peke yake utadhani ni mwanafunzi anayemsifu mwalimu. Soma na kitabu. Plaatje amechukua vita, simba, unabii na kasi ya Haggard, akaviweka mikononi mwa Warolong wanaokimbia majeshi ya mfalme Mzilikazi miaka ya 1830. Shujaa wake ni mwanamke. Hakuna hazina ya kubebwa kwenda ng'ambo. Makaburu wanapoingia, wanaingia kama wageni wanaotazamwa na wenyeji, na wenyeji wanawapima. Haya ni majibu ya mwandishi kwa mwandishi kama yale ya Bournemouth, ila marekebisho hayakupelekwa kwa posta. Yalifanywa ndani ya kitabu kingine. Kwangu mimi Plaatje ndiye msomaji mkubwa kuliko wote Haggard aliowahi kuwapata, na namtanguliza mbele ya Stevenson.

Sisi tulivipokea vitabu hivyo viwili, cha Stevenson na cha Haggard, vikiwa mapacha. Mwaka 1929 vyote vilitoka kwa Kiswahili, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, mfasiri akiwa mmoja, Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki. Vizazi vya wanafunzi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja vilijifunza maana ya hadithi ndefu ya nathari kutoka humo. Wakati ule nathari ya kubuni ya Kiswahili ilikuwa changa mno. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla ulikuwa bado miaka thelathini mbele. Wasomaji wale waliviweka vitabu viwili rafu moja bila kujua kwamba mmoja wa waandishi aliwahi kumwambia mwenziwe kimyakimya: mwanzo wako umelala. Mwalimu anayefundisha riwaya leo anaweza kuwapa wanafunzi sura ya kwanza ya kila kimoja, pamoja na madai ya Stevenson, na kuwaacha wabishane. Ni somo zuri kuliko kukariri dhamira na maudhui.

Barua za namna hii zinaishi kwa bahati. Olive Schreiner, mwandishi wa The Story of an African Farm, aliishi Johannesburg 1898 na 1899. Mswada wa kitabu hicho ulikuwa umepita mikononi mwa mwanariwaya mwingine wa zama za Victoria, George Meredith, aliyekuwa msomaji wa kampuni ya Chapman & Hall, na yeye ndiye aliyeshauri uchapishwe; ukatoka 1883. Katika dibaji ya toleo la pili aliwajibu waliotamani angeandika habari za simba na ponea chupuchupu: vitabu vya namna hiyo, alisema, huandikwa vizuri zaidi na mtu aliyekaa katikati ya London. Haggard alikuwa bado hajatoa riwaya hata moja. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipozuka, nyumba ya Schreiner mjini hapa ilivunjwa na karatasi zake zikachomwa, mkiwamo kazi ya miaka mingi juu ya wanawake na kazi. Alipofariki 1920, mumewe Cronwright alikusanya barua zake kwa marafiki, akachapisha alizozitaka mwaka 1924, nyingi akaziteketeza. Hivyo tunajua mengi juu ya Stevenson alivyomsoma Haggard, na juu ya Schreiner alivyowasoma wenzake tumepoteza mengi.

Upande wetu, barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilihifadhiwa na mpokeaji, na Profesa M. M. Mulokozi akazihariri, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazichapisha 2002. Bila Yusuf Ulenge kuzitunza tusingekuwa na kitu. Basi, msomaji, ikiwa babu yako au shangazi yako aliandikiana na mshairi, mwandishi wa riwaya au mhariri wa gazeti, na barua zimo sandukuni juu ya dari, usiziache kwa mchwa, wala usizipige picha kwa simu ukazitupa. Ziweke katika bahasha kavu, andika nani alimwandikia nani na lini, kisha uzipeleke kwenye Nyaraka za Taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe.